Hisia na maisha baada ya kupandikizwa figo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Upasuaji umekwisha, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyochuja) imeshuka, ndugu wanashangilia. Wengi hushangaa kwamba ni wakati huohuo wanaanza kulia bila sababu, kukesha usiku, au kutetemeka kila simu ya maabara inapoita. Majibu haya yanahusu upande huo wa tiba. Pale yanapotaja dawa, yatumie kuulizia kliniki. Usibadilishe dozi mwenyewe.

Figo inafanya kazi. Mbona sina furaha niliyoitegemea?

Kwa sababu mambo kadhaa yamekujia kwa mpigo mmoja. Mwili unauguza kidonda, usingizi umevurugika, na damu ina dawa ambazo zenyewe hubadilisha hisia. Juu ya hayo, mtu aliyeishi miaka kwenye usafishaji damu hujifunza kuziweka hofu zake kando ili amalize wiki. Mashine ikiondoka, hofu zile hupata nafasi.

Mambo hufuata mkondo unaofanana kwa watu wengi. Siku za mwanzo zina msisimko, na sehemu ya msisimko huo hutokana na steroidi za dozi kubwa zinazotolewa kwa dripu wakati wa upasuaji na siku chache baadaye. Dozi ikishushwa, moyo nao hushuka. Kisha, kuanzia mwezi wa tatu hivi, safari za kliniki zinapungua, wageni wanaacha kuja, na kila mtu anaamini umeshapona. Hapo ndipo upweke unapouma zaidi, na ndipo wengi wanaona haya kusema.

Kupandikizwa figo hutibu ugonjwa sugu wa figo lakini hakuufuti. Na huzuni si utovu wa shukrani: mtu anaweza kushukuru kwa moyo wote asubuhi na kulia jioni ya siku hiyohiyo. Wahudumu wa kliniki za upandikizaji wanalijua hilo, kwa hiyo litaje kama unavyotaja homa.

Nitajuaje kama ni dawa zinazonibadilisha?

Angalia tarehe. Hali iliyoanza siku au wiki chache baada ya dozi kupandishwa, kushushwa au dawa mpya kuongezwa, ishuku dawa kwanza.

Prednisoloni, steroidi ya vidonge, ndiyo inayogusa akili kuliko nyingine. Huleta hasira za ghafla, machozi, maneno mengi, mawazo yanayokimbia, njaa isiyoisha na kukesha. Hatari hupanda dozi inapozidi miligramu 40 kwa siku, ndiyo maana wiki za kwanza, na kipindi cha kutibiwa mwili unapoikataa figo, huwa vigumu. Mara chache mtu husikia sauti, huona visivyokuwepo au huamini watu wanamfanyia njama. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, nayo hutibika. Wengi hushushwa polepole hadi kama miligramu 5, na wakifika hapo hupata nafuu kubwa. Usiiache ghafla: tezi zilizo juu ya figo zako za asili huwa zimepunguza kutengeneza kotisoli, na kuikatisha dawa kunaweza kukuangusha kwa udhaifu na shinikizo la damu la chini.

Takrolimusi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, hutetemesha mikono, huumiza kichwa na huondoa usingizi. Mtetemo huzidi saa chache za kwanza baada ya kumeza: kikombe kinamwagika, saini haifanani na ya zamani, kifungo cha shati kinagoma. Mtu huanza kukwepa kula mbele ya watu, na familia hudhani amenuna. Mtetemo huo huendana na kiwango cha dawa kwenye damu, kwa hiyo utaje kliniki. Hakikisha pia damu ya kipimo hicho inatolewa kabla hujameza dozi ya asubuhi. Ukimeza kwanza, namba itatoka kubwa kuliko ilivyo kweli, na dozi inaweza kushushwa bila sababu. Kuchanganyikiwa, kuumwa kichwa kikali, kuona ukungu au degedege ni mambo ya kwenda hospitali mara moja.

Mikofenoleti, nayo ya kuzuia figo isikataliwe, haigusi hisia moja kwa moja, lakini huharisha. Mtu anayeharisha mara tano kwa siku huacha kutoka nyumbani, huacha ibada, huacha kazi, kisha anaonekana ana huzuni ya akili. Mara nyingi kugawa dozi au kubadilisha aina ya kidonge hutatua, na ni daktari anayeamua.

Kabla ya kuambiwa una sonona (huzuni iliyofikia kuwa ugonjwa), omba vitu hivi viangaliwe: himoglobini, sukari, magnesiamu, homoni za tezi ya shingo na kiwango cha takrolimusi. Takrolimusi na prednisoloni huweza kuleta kisukari kipya, na takrolimusi hupoteza magnesiamu kwenye mkojo. Kama uchovu umekuja na homa, kuharisha au chembe nyeupe kushuka, kirusi cha CMV (saitomegalovirusi) nacho kipimwe.

Huzuni ya kawaida na sonona vinatofautianaje?

Kwa muda, uzito, na jinsi vinavyokuzuia kuishi. Huzuni ya kawaida huja na kuondoka. Ukitembelewa na rafiki unapata nafuu. Sonona hukaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Vitu ulivyovipenda havikuvuti, hamu ya kula inapotea au inazidi, akili inakuwa nzito, na unajiona mzigo. Baada ya upandikizaji dalili kama uchovu na kukosa usingizi zinaweza kutoka kwenye dawa, kwa hiyo zitilie mkazo zile mbili za mwanzo: kukosa raha kabisa, na huzuni isiyoachia.

Kliniki nyingi hutumia dodoso fupi liitwalo PHQ-9. Lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3. Jumla ni 0 hadi 27, na kuanzia 10 mtu anahitaji tathmini ya kina. Lijaze kwa ukweli. Hakuna anayenyang'anywa figo kwa kupata alama nyingi.

Swali la 9 huulizia mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukiwa nayo, hata kidogo, usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie mtu leo, usikae peke yako, nenda idara ya dharura au piga simu kwa timu yako. Dawa zote ndani ya nyumba azitunze mtu mwingine, awe anakupa dozi moja moja. Kuacha kwa makusudi dawa za kinga (zile zinazozuia mwili kuikataa figo) ili "mambo yaishe" nako ni kujidhuru, na kwatakiwa kusemwa vivyo hivyo.

Nakesha usiku. Nifanye nini kabla ya kuomba vidonge vya usingizi?

Anza na saa ya prednisoloni. Inywe asubuhi pamoja na chakula, mapema iwezekanavyo. Ikichelewa hadi mchana au jioni hukufungua macho usiku.

Pili, maji. Umeambiwa unywe mengi, mara nyingi lita 2 hadi 3 kwa siku, na ukiyaacha hadi jioni utaamka kukojoa mara nne. Kunywa sehemu kubwa kabla ya alasiri na upunguze saa mbili kabla ya kulala. Jumla ya siku isipungue.

Waliokuwa wakisafishwa damu mara nyingi walizoea kulala mchana baada ya mashine. Tabia hiyo hubaki. Usingizi wa mchana uwe chini ya nusu saa, na saa ya kuamka iwe ileile kila siku, hata kama hukulala vizuri. Ukikaa kitandani kama dakika 20 bila kusinzia, amka, kaa mahali penye mwanga hafifu, rudi usingizi ukija.

Ukikoroma na kukatika pumzi, hasa baada ya kuongezeka uzito, omba upimwe tatizo la kuzibika kwa njia ya hewa usingizini. Miguu isiyotulia usiku huhitaji kupimwa akiba ya madini ya chuma. Dawa za usingizi zisizoandikwa na daktari ziache: baadhi hugongana na dawa za kinga, na nyingine huleta mazoea haraka.

Kila siku ya kipimo naogopa kwamba figo imekataliwa. Nitaishi hivi hadi lini?

Hofu hii ndiyo inayowasumbua watu wengi zaidi, na haiondoki kwa kuambiwa "usiogope." Inapungua ukijua namba zinavyofanya kazi.

Kreatinini haikai mahali pamoja. Kutoka 1.3 hadi 1.4 mg/dL (takribani mikromoli 115 hadi 124 kwa lita) ni mabadiliko ya kawaida kabisa. Hupanda ukikosa maji, ukiharisha, ukila nyama nyingi usiku wa kuamkia kipimo, au ukifanya mazoezi mazito. Kotrimoksazoli, dawa ambayo wengi hupewa miezi ya mwanzo kuzuia nimonia, huweza kuipandisha kidogo bila kuidhuru figo. Madaktari huangalia mwelekeo. Ikipanda kama robo juu ya kiwango chako cha kawaida, hurudia kipimo, huangalia kiwango cha takrolimusi, hupiga ultrasaundi, na pengine huchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano. Kwa hiyo ijue namba yako ya kawaida, siyo ya jirani yako wa kliniki.

La pili ni kwamba kukataliwa si sawa na kupoteza figo. Mashambulizi mengi ya ghafla hutokea mwaka wa kwanza, na mengi hutulia kwa steroidi ya dripu, kwa kawaida siku 3 mfululizo. Mara nyingi hayana dalili kabisa, na hilo lina maana muhimu: kujichunguza mwili kutwa nzima hakukuongezei usalama. Kinachokuongezea usalama ni kwenda kupima siku uliyopangiwa.

Tengeneza karatasi moja na timu yako, yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza: piga simu sasa hivi. Humo huingia homa ya nyuzi 38 au zaidi, mkojo kupungua sana, uzito kupanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku mbili au tatu, maumivu juu ya figo mpya, kutapika dawa. Sehemu ya pili: taja kliniki ijayo. Pima uzito, joto na shinikizo la damu saa ileile uliyochagua kila siku, andika, funga daftari. Kupima joto mara kumi kwa siku hulisha hofu. Ukijikuta unafanya hivyo, hiyo yenyewe ni sababu ya kumwona mnasihi. Tiba ya mazungumzo inayofundisha kuyapima mawazo na kubadili matendo hufanya kazi vizuri kwa wasiwasi wa aina hii.

Najihisi nina deni lisilolipika kwa aliyenipa figo.

Aliyepewa na ndugu hubeba deni tofauti na aliyepewa na mtu aliyefariki, na yote mawili ni mazito.

Mtoaji akiwa hai, ugumu huanza baadaye, wakati wa maisha ya kawaida. Anaona umeongezeka uzito, anauliza kama umemeza dawa, nawe unajisikia unalindwa kama mtoto. Au unashindwa kumkatalia jambo lolote, hata mkopo usioweza kuutoa. Mazungumzo mawili husaidia sana. La kwanza: mshukuru waziwazi, mara moja, kwa maneno yako, ili shukrani isigeuke kuwa utii wa kila siku. La pili: kubalianeni anataka kujua nini. Wengine wanataka kila jibu la kreatinini. Wengine hawataki kusikia hadi kuwe na tatizo. Ukikisia, utakosea.

Mtoaji naye huangaliwa. Wiki za kwanza huchoka, huumwa, na pengine huona kwamba wageni wote wamekwenda chumba cha mgonjwa. Baadhi hupata huzuni, hasa figo ikisumbua. Figo yake iliyobaki huongeza kazi hadi kufikia kama asilimia 70 ya uwezo wa zile mbili, na vipimo vyake vya kila mwaka visikatizwe. Ronald Herrick, aliyempa pacha wake Richard figo huko Boston tarehe 23 Desemba 1954 katika upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa kwa muda mrefu, aliishi na figo moja hadi mwaka 2010, akafariki akiwa na miaka 79.

Kwa figo iliyotoka kwa marehemu, swali linalotesa ni hili: je, nilikuwa nasubiri mtu afe? Hapana. Kifo kile kilikuwa kinakuja kwa sababu zake, ukiwa kwenye orodha au usiwe. Ukitaka kuiandikia familia, utaratibu wa kawaida ni kupitia mratibu wa upandikizaji, bila majina kamili wala anwani. Mistari mitano inatosha: asante, figo imekuwezesha kufanya nini, unawakumbuka. Wengine huandika baada ya miaka, wengine hawaandiki, na familia isipojibu usilichukue kama hasira. Wao wanaomboleza.

Je, naweza kurithi tabia za aliyetoa figo?

Hapana. Figo huchuja damu, hutengeneza mkojo na kutoa homoni za kuongeza damu na kuratibu shinikizo. Haibebi kumbukumbu wala tabia. Hisia kwamba kuna "mgeni" ndani ya tumbo la chini, mahali figo mpya inapowekwa, ni za kawaida na hufifia. Ladha ya chakula ikibadilika, sababu ni kwamba sumu zilizokuwa zikiharibu ulimi zimeondoka.

Uso umevimba, chunusi zimejaa, nywele zinanyonyoka. Sitaki kujitazama kwenye kioo.

Mabadiliko haya yana majina na sababu. Uso kuwa wa mviringo, chunusi na mafuta ya tumboni ni prednisoloni. Uso hupungua dozi ikishuka, ingawa huchukua miezi. Nywele kukatika mara nyingi ni takrolimusi. Saiklosporini, dawa nyingine ya kinga, hufanya kinyume: huotesha nywele usoni na kuvimbisha fizi. Kwa sababu hiyo baadhi ya watu wanaweza kubadilishiwa dawa moja kwa nyingine, na kliniki husikiliza ombi hilo wakijua jinsi linavyokuumiza. Vijana wa kike na wa kiume huacha dawa kimyakimya kwa ajili ya sura kuliko kwa sababu nyingine nyingi, kwa hiyo mzazi asilidharau.

Uzito hupanda haraka mwaka wa kwanza, kwa sababu njaa ya steroidi inakutana na kufunguliwa kwa vyakula vilivyokatazwa miaka mingi. Onana na mtaalamu wa lishe mwezi wa kwanza, kabla kilo hazijaingia. Kuzitoa ni kazi ngumu zaidi.

Naogopa kunywa maji, na nakojoa kila nusu saa. Nina tatizo la akili?

Huna. Mtu aliyehesabu vikombe kwa miaka, akijua kwamba kikombe cha ziada kingemvimbisha mapafu, hawezi kunywa lita 2 kwa amani siku ya kwanza. Panga chupa ya nusu lita kwa vipindi vinne au vitano, uweke alama ukiimaliza. Baada ya wiki chache hofu hulegea.

Kibofu nacho kilisinyaa. Cha aliyekaa miaka bila kukojoa kina nafasi ndogo sana, pengine ya kikombe kimoja, na matone machache tu yanakusukuma chooni. Hutanuka chenyewe kwa wiki hadi miezi. Mrija laini unaowekwa kati ya figo na kibofu, ambao huondolewa kama wiki 4 hadi 6 baada ya upasuaji, huongeza hamu ya kukojoa. Mkojo ukiuma, ukinuka vibaya au ukaja na homa, hiyo ni dalili ya maambukizi: piga simu.

Tendo la ndoa na watoto je?

Hamu mara nyingi hurudi polepole, miezi ya kwanza hadi mwaka. Kwa kawaida inaruhusiwa kuanza tena kidonda kikipona, kama wiki 4 hadi 6. Wenzi wengi huogopa kuigonga figo. Haidhuriki kwa tendo la ndoa la kawaida, chagueni tu mkao usiokandamiza tumbo. Wanaume wakiendelea kushindwa, wasifiche: dawa za shinikizo, kisukari, mishipa na homoni vyote huangaliwa, na tiba zipo.

Uzazi hurudi kabla watu hawajategemea, wakati mwingine ndani ya miezi michache. Tumieni uzazi wa mpango tangu mwanzo. Mimba hushauriwa isubiri angalau mwaka 1, figo ikiwa imetulia na protini kwenye mkojo ikiwa kidogo. Mikofenoleti huharibu mimba na kuleta ulemavu kwa mtoto, hivyo mwanamke huiacha angalau wiki 6 kabla ya kutafuta ujauzito, kwa kubadilishiwa na daktari, kwa kawaida kwenda azathioprini, dawa nyingine ya kinga. Usiiache mwenyewe.

Lini nirudi kazini, na uchovu huu utaisha?

Kazi ya mezani, wengi hurudi kati ya wiki 6 na 12. Kazi ya kunyanyua husubiri zaidi. Kwa wiki 6 hadi 8 usinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5, kwa sababu ukuta wa tumbo ukifunguka huleta ngiri. Omba kuanza kwa nusu siku. Anayeanza kwa siku nzima mara nyingi huanguka wiki ya pili na kuamini hawezi tena.

Uchovu wa baada ya mashine huondoka, lakini misuli iliyopotea kwa miaka hairudishwi na figo. Hurudishwa na mazoezi. Tembea dakika 10 mara mbili kwa siku wiki ya pili ukiruhusiwa, ongeza dakika 5 kila wiki, lenga dakika 150 kwa wiki. Kutembea hupunguza pia dalili za sonona na wasiwasi, na kwa watu wenye vidonge vingi tayari, hilo ni la thamani. Jikinge na jua: dawa za kinga huongeza hatari ya saratani ya ngozi.

Nimechoka dawa. Siku nyingine naziruka.

Sema hivyo kwa maneno hayohayo. Kuruka dozi ni miongoni mwa sababu kuu za kupoteza figo miaka ya baadaye, na sonona ambayo haijatibiwa ni mojawapo ya vitu vinavyofanya watu waruke. Kliniki ikijua, inaweza kupunguza vidonge au kukupa takrolimusi ya kumeza mara moja kwa siku.

Kwa sasa: weka kengele mbili za simu zilizotengana saa 12, sanduku la vidonge la wiki, na dozi ya siku 2 ndani ya begi la mkononi. Ukisahau na bado ni mapema, meza. Ukiwa karibu na dozi inayofuata, iache iliyopita, na usimeze mbili kwa pamoja. Uliza kituo chako mpaka wake ni saa ngapi. Kipindi cha hatari kuliko vyote ni kijana anapohama kliniki ya watoto kwenda ya watu wazima. Aanze kujisimamia dawa zake mwaka mmoja kabla, mzazi akiangalia.

Dawa za sonona ni salama kwa figo mpya?

Nyingi ndiyo, zikichaguliwa na mtu anayejua dawa zako. Sertralini hutumika sana. Huanza kufanya kazi baada ya wiki 2 hadi 4 na kuimarika kufikia wiki ya 6, kwa hiyo usiiache wiki ya kwanza kwa kichefuchefu. Huendelezwa miezi 6 au zaidi baada ya kupata nafuu. Fluvoksamini hupandisha takrolimusi na huepukwa. Lithiamu huweza kuumiza figo. Karbamazepini hushusha kiwango cha dawa za kinga kwenye damu.

Hatari kubwa ni dawa za "asili" za huzuni. Mmea wa haiperikamu (kwa Kiingereza St. John's wort), unaouzwa kama vidonge au majani ya kuchemsha, huivunja takrolimusi haraka hadi figo ikataliwe. Balungi hufanya kinyume, huipandisha. Ukiumwa kichwa, ibuprofeni na diklofenaki ziache. Parasetamoli ndiyo chaguo la kawaida.

Sisi ni familia. Tumsaidieje bila kumbana?

Acheni kumwambia ashukuru. Muulizeni swali moja: unataka nikusikilize au nikusaidie jambo? Gawaneni kazi mahususi, mmoja usafiri wa kliniki, mwingine kuchukua dawa. Mrudishieni majukumu yake mapema, hata madogo: kulipa bili, kusimamia masomo ya watoto. Mgonjwa wa miaka mingi huwa amepoteza nafasi yake nyumbani, na kuipata tena humpa nguvu. Hasira za wiki za kwanza msizichukue kama tabia mpya. Ziandikeni na tarehe, mziwasilishe kliniki. Anayemuuguza naye alale, awe na siku yake.

Na figo ikishindwa?

Figo za watoaji hai hudumu kwa wastani miaka 15 hadi 20, za marehemu kama 10 hadi 15. Nyingine kidogo, nyingine zaidi sana. Kuipoteza ni msiba, na watu huomboleza kama wanavyomwomboleza mtu. Wengi hujilaumu. Lakini figo huchakaa kwa makovu, kwa kingamwili (askari wa mwili wanaoishambulia figo), kwa ugonjwa wa awali kurudi, kwa shinikizo na kisukari, hata kwa mtu asiyeruka kidonge hata kimoja.

Dawa za kinga hazikatishwi siku hiyohiyo. Hupunguzwa kwa mpango, kwa sababu kuziacha ghafla kunaweza kuvimbisha figo iliyoshindwa na kuongeza kingamwili zitakazofanya figo ya pili kuwa ngumu kupatikana. Upandikizaji wa pili unawezekana, na vituo vingi huanza maandalizi uwezo wa figo wa kuchuja (eGFR kwenye majibu ya maabara) unaposhuka chini ya mililita 20 kwa dakika, kabla ya mashine kuhitajika. Ukiona namba inakaribia hapo, omba kikao kimoja chenye daktari wa figo, mnasihi na mtu wako wa karibu. Mzungumzie njia ya kusafisha damu, mpango wa dawa, na nani ataangalia hali yako ya kihisia miezi mitatu ya kwanza.